Mwali wa haidrojeni na mwali wa gesi asilia: upi unaunguza zaidi, na mtu asimame wapi?

*"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi, nina gereji ndogo hapa Dar es Salaam, tunahudumia magari na bajaji zilizofungwa mfumo wa gesi. Mdogo wangu yuko Ujerumani, anafanya kazi kwenye karakana ya mabasi ya haidrojeni, na kila tukipigiana simu tunabishana. Anasema mwali wa haidrojeni hauna joto la maana, unaweza kupita karibu yake usiungue, na kwamba gesi yetu ndiyo ya kuogopwa. Mimi naona kinyume, maana gesi yetu angalau unaiona ikiwaka. Nani yuko sahihi? Na jingine linaloninyima usingizi: bomba likikatika gari likiwa gereji na gesi ikashika moto, moto hauwezi kurudi ndani ya mtungi ukalipuka? Nizime kwa kizimamoto cha unga nilichonacho au nikimbie? Na nikikimbia, niende umbali gani?"*

Marahaba, fundi. Wewe na mdogo wako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na nusu aliyoishika yeye ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu anaingia nayo kazini kila asubuhi. Nitaanza na hoja yake, kisha nije gerejini kwako. Nakuomba umtumie jibu hili lote, asisome kipande.

Kwanza tuelewane ni moto wa aina gani tunaouzungumzia. Gesi iliyomo kwenye mtungi wa gari imeshindiliwa hadi presha mara 200 ya ile ya hewa tunayoivuta. Ile ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, karibu asilimia 97 yake ni methani, kwa hiyo nikisema methani nazungumzia gesi yako. Haidrojeni kwenye mabasi hushindiliwa hadi mara 350, na kwenye magari madogo hadi mara 700. Kwa presha za namna hiyo gesi ikipata tundu inafoka. Pale kwenye tundu hutoka kwa kasi ya sauti ndani ya gesi yenyewe: methani zaidi ya mita 400 kwa sekunde, haidrojeni zaidi ya mita 1,000. Ikishika moto haitandazi kama petroli iliyomwagika. Unapata mwali mrefu, mwembamba, wenye mwelekeo, unaonguruma kiasi cha kukufanya usisikie anayekuita. Mwelekeo huo ndio kitu cha kwanza cha kukumbuka, maana moto huu una mbele na una ubavu, na hatari yake mbele siyo sawa na hatari yake ubavuni.

Sasa tuzilinganishe gesi hizi mbili kwa haki. Chukua tundu lilelile na presha ileile. Methani ni nzito mara nane kuliko haidrojeni, kwa hiyo ingawa inatoka polepole zaidi, uzito wake unaopita kwa sekunde ni karibu mara tatu ya ule wa haidrojeni. Lakini kilo moja ya haidrojeni ikiungua inatoa megajuli 120, na kilo moja ya methani inatoa 50 tu. Ukipiga hesabu yote, joto linalozalishwa kila sekunde linakaribiana sana, methani ikizidi kwa kama sehemu moja kwa tano. Ndiyo maana kauli kwamba mwali wa haidrojeni hauna joto haina msingi. Kinadharia, mwali wa haidrojeni kwenye hewa hufikia nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, na wa methani nyuzi kama 1,950. Ukiingiza mkono katika mmojawapo, hakuna wa kukubembeleza.

Lakini mdogo wako hakuyatoa maneno yake hewani. Kuna kitu amekiona au amesimuliwa na wenzake, na kitu hicho ni kweli.

Joto la mwali hukufikia kwa njia mbili. Moja ni kuguswa na mwali wenyewe au na hewa moto inayotoka kwenye ncha yake. Nyingine ni mnururisho, joto linalosafiri bila kukugusa, kama unavyolihisi jua usoni. Methani ikiungua hutoa mvuke wa maji na kabonidayoksaidi, na ndani ya mwali huwamo chembe za masizi zilizopata moto hadi zinang'aa njano. Vitu hivi vyote hunururisha. Haidrojeni haina kaboni, kwa hiyo haina masizi wala kabonidayoksaidi, ina mvuke wa maji tu. Matokeo yake, mwali mdogo wa haidrojeni hutupa pembeni kwa mnururisho chini ya sehemu moja kwa kumi ya joto lake, wakati mwali wa methani unaweza kutupa hadi sehemu moja kwa tano. Mtu aliyesimama ubavuni mwa mwali wa haidrojeni, hatua chache tu, anahisi joto dogo kuliko alilotegemea. Hapo ndipo watu wanaposema hauna joto.

Joto ambalo halikutupwa pembeni limekwenda wapi? Halikupotea. Limebaki ndani ya mwali na kwenye mkondo wa hewa moto ulio mbele yake. Mwali wa haidrojeni hautoi onyo: ngozi haisikii kitu, kisha hatua moja mbele uko ndani ya nyuzi 2,000. Isitoshe, mchana kweupe karibu hauonekani. Ukiona rangi ya machungwa kwenye moto wa haidrojeni, mara nyingi ni vumbi, chumvi au rangi ya chuma inayoungua humo. Zamani wafanyakazi wa mitambo ya roketi Marekani walitembea wakiwa wametanguliza ufagio wa majani, ufagio ukishika moto wanajua mwali uko hapo. Siku hizi kuna kamera za joto na vitambuzi vya miale ambayo jicho halioni, na karakana ya mabasi ya haidrojeni inapaswa kuwa navyo. Mwambie mdogo wako aulize viko wapi, na asipitishe mkono kutafuta uvujaji. Na jambo moja zaidi: tofauti hii ya mnururisho hupungua kadiri mwali unavyokuwa mkubwa, kwa sababu mvuke wa maji unapokuwa mwingi nao hunururisha sana. Yaliyopimwa kwenye mwali wa urefu wa mkono usiyahamishie kwenye mwali wa mita kumi.

Kwa upande wa kushika moto haidrojeni haina mshindani. Methani inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Haidrojeni inawaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Cheche inayotosha kuwasha haidrojeni ni dhaifu zaidi ya mara kumi kuliko ile ya methani, kiasi kwamba haidrojeni inayofoka kwa presha kubwa mara nyingi hushika moto bila mtu kuweza kusema cheche ilitoka wapi. Tarehe 10 Juni 2019, huko Sandvika karibu na Oslo, Norway, kituo cha kujazia haidrojeni kilivuja, gesi ikajikusanya, ikalipuka, kisha ikaendelea kuwaka. Mshindo ulifungua mifuko ya hewa ya magari yaliyokuwa jirani, na watu waliokuwemo wakaumia. Uchunguzi uligundua kwamba boliti za kizibo kimoja cha tangi la presha kubwa hazikukazwa ipasavyo. Nalitaja hili kwa sababu wewe ni fundi, na unajua spana iliyoachwa nusu inaonekanaje.

Turudi kwako. Swali lako la moto kurudi ndani ya mtungi ndilo ninaloulizwa zaidi, na jibu lake ni hapana. Ili kitu kiungue kinahitaji oksijeni, na ndani ya mtungi hakuna oksijeni, kuna gesi tupu. Muda wote presha inapoisukuma gesi nje, mwali unabaki nje. Mtungi hauliwi na moto wa ndani.

Kinachopasua mtungi ni moto wa nje. Mwali unaofoka ukigonga kitu, joto analolipokea mtu aliyesimama pembeni halifanani hata kidogo na joto linaloingia kwenye kitu hicho. Jua la saa saba mchana hapa kwetu hutupa kama kilowati 1 kwa kila mita ya mraba. Kwenye kilowati 5 hivi mtu asiyejikinga anaanza kupata maumivu ndani ya sekunde kama 20, na akikaa zaidi ngozi inatoka malengelenge. Kwenye kilowati 12 hana hata nafasi ya kufikiri. Chuma kilichogongwa moja kwa moja na mwali mkubwa wa aina hii kinaweza kupokea kilowati 200 na zaidi. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi 550 hivi kimepoteza karibu nusu ya nguvu zake, na mtungi wa chuma unaochomwa sehemu moja unaweza kufika huko kwa dakika chache, huku gesi ndani ikipata moto na presha ikipanda. Ukuta unalegea, msukumo unaongezeka, mtungi unapasuka. Ule mpasuko ndio unaoua watu wa mbali, kwa vipande na kwa mpira wa moto unaofuata.

Mitungi ya nyuzi, ile myepesi iliyofungwa kwa nyuzi za kaboni au za kioo, ina tabia nyingine. Ukuta wake unazuia joto kuingia, kwa hiyo presha ndani haipandi haraka, lakini gundi inayoshika nyuzi inaungua kutoka nje kuja ndani. Mtungi unaweza kupasuka geji ikiwa haijasogea sana.

Kwa sababu hiyo, vali nzuri ya usalama kwenye mitungi ya magari husikiliza joto, haisubiri presha peke yake. Ina kipande kinachoyeyuka au kichupa cha kioo kinachopasuka kwenye nyuzi kama 110, na kikishaachia hakifungi tena mpaka gesi yote iishe. Maana yake, kifaa kinachookoa mtungi wako ndicho kitakachotengeneza moto unaofoka. Inatisha ukiiona bila kujua, lakini ni nafuu ukilinganisha na mtungi kupasuka. Tarehe 29 Oktoba 2012 basi la gesi liliungua mjini Wassenaar, Uholanzi. Vali za mitungi iliyokuwa juu ya paa zilifunguka kama zilivyotakiwa, na miali ikatoka kwa ubavu, mita 15 hadi 20, ikavuka barabara. Mitungi haikupasuka. Tatizo lilikuwa mahali midomo ya vali ilipoelekezwa. Fundi, hapa ndipo mkono wako una kazi. Gari likija kwako angalia ile vali ya mtungi inaelekea wapi: kwa abiria? kwa mlango? kwa mtungi wa pili? Na hakikisha haikuzibwa kwa rangi, bamba la chuma wala spika ya muziki iliyopachikwa buti.

Sasa kizimamoto. Usizime mwali wa gesi kabla ya kuikata gesi. Najua silika ya kila mtu ni kupuliza unga palepale kwenye moto, na unga wa kutosha unaweza kweli kuuzima. Lakini gesi haijakoma kutoka. Dakika moja iliyopita ilikuwa ikiungua ikitoka, mahali unapopaona. Sasa inajaza gereji yako bila kuungua, na ikipata cheche ya friji au ya mashine ya kuchomelea, inalipuka yote kwa mkupuo. Moto unaofoka mahali pa wazi na usiogonga kitu ni hatari iliyokaa mahali pake. Gesi isiyowaka ndani ya chumba haina mahali.

Kuna mtego wa methani ambao wengi hawaujui. Tundu dogo la milimita moja hivi, presha ikiwa kubwa, mara nyingi linashindwa kuushika mwali. Gesi inatoka kwa kasi kuliko uwezo wa moto kurudi nyuma kuifuata, mwali unasimama mbali kidogo na tundu, unayumba, kisha unazimika wenyewe. Watu wanashangilia moto umekwisha. Haujaisha, umehama tu kutoka kwenye moto kuwa mkusanyiko wa gesi. Haidrojeni haifanyi hivyo kirahisi, kwa sababu mwali wake husafiri kwa kasi mara sita au zaidi ya ule wa methani, basi unang'ang'ania palepale kwenye tundu. Ukiona mwali wa gesi umezimika bila mtu kufunga koki, toa watu haraka kuliko ulivyotaka kuwatoa mwanzo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Bomba limekatika na gesi imeshika moto: zima swichi ya gari kama iko mkononi, maana vali ya umeme, kama mtungi unayo, hufunga umeme ukikatika. Kama koki ya mkono inafikika bila kupita mbele ya mwali wala karibu yake, ifunge, moto utakufa wenyewe kwa sekunde chache. Kama haifikiki, iache. Kizimamoto chako kitumie kwa vitu vingine: viti vilivyoanza kuungua, tairi, matambara yenye oili, ili visiuchome mtungi. Ukiona moto umeufikia mtungi wenyewe na vali haijafunguka, kazi yako imekwisha hapo. Toka, toa kila mtu, piga 114, na neno la kwanza uwaambie Zimamoto kwamba ni gari la gesi na mitungi iko sehemu gani. Wao watapoza mitungi kwa maji wakiwa mbali na nyuma ya kinga, na wanajua kutoielekezea maji vali iliyokwisha kufunguka, maana ukiipoza vali wakati tumbo la mtungi linachomwa, umeinyima nafasi ya kufanya kazi yake.

Umbali gani? Mnururisho hupungua haraka ukirudi nyuma: ukizidisha umbali mara mbili, joto linabaki takribani robo. Kwa hiyo hatua kumi za kwanza ndizo zenye thamani kubwa, usizipoteze kutafuta simu. Rudi kwa ubavu, usirudi kwenye mstari wa mbele ya mwali. Ukishaona joto usoni limekuwa kama la jua tu, mwali wenyewe haukudhuru tena. Lakini hapo umejikinga na mwali tu. Mtungi unaopasuka ni habari nyingine, vipande vyake huruka makumi ya mita na zaidi, hasa kuelekea kwenye ncha mbili za mtungi. Mimi huwaambia watu wasio na kazi pale waende mita 100 kama mtaa unaruhusu, nyuma ya ukuta wa tofali, wala si nyuma ya mabati. Na wanaopiga picha waondolewe hata kwa ukali.

Kuhusu gereji yenyewe: methani ni nyepesi kuliko hewa, hukimbilia juu na kujificha chini ya paa. Ukiwa na banda la mabati lenye nafasi wazi juu pande zote, unalindwa na ujenzi wako wenyewe. Ukiziba kwa silingibodi ili pawe na sura nzuri, umetengeneza ghala la gesi kichwani. Usichanganye na gesi ya kupikia, ambayo ni nzito, hutambaa chini na kujaza mashimo na mitaro. Maafa ya Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024 yalitokana na gesi ya aina hiyo ya pili. Kama unahudumia magari ya aina zote mbili, shimo la gereji linahitaji tahadhari yake na paa tahadhari yake. Uvujaji pima kwa povu la sabuni. Kiberiti cha kupimia kife kabisa gerejini kwako, hata kwa mafundi wazee waliokizoea.

Je, ningekushauri uogope gesi uache kazi hii? Hapana. Mtungi wa gari dogo unabeba kilo kama kumi za gesi, nishati isiyozidi ile ya lita 15 au 16 za petroli, na petroli ikimwagika inakaa chini ya gari na kuwaka huko, wakati methani inapanda na kwenda zake. Na kati ya gesi yako na haidrojeni ya mdogo wako, sioni ya kuiita salama. Ya kwako inaunguza mbali zaidi lakini inakuonya. Ya kwake haikuonyi, inashika moto kwa urahisi kupita kiasi, na chumba kilichofungwa kinaigeuza kuwa mlipuko upesi sana. Yeye anahitaji vitambuzi na upepo wa kutosha. Wewe unahitaji paa lililo wazi, koki zinazofikika na vali zilizoelekezwa sawa.

Kuna mambo ambayo usiyaamue kwa jibu la maandishi kama hili. Mtungi uliowahi kuguswa na moto, hata kama rangi tu ndiyo imebabuka, usiujaze tena mpaka uondolewe na kukaguliwa kwenye kituo kilichoidhinishwa; wa nyuzi mara nyingi utakataliwa, na ni haki ukataliwe. Vivyo hivyo mtungi wenye mkwaruzo unaoonyesha nyuzi, uliogongwa kwenye ajali, uliopigwa kutu chini ya mkanda, au ambao tarehe yake iliyochapwa imepita. Mwite pia ofisa wa Zimamoto aje akague banda lako akiwa hapo ana kwa ana, aone milango, nyaya na mahali unapochomelea. Na mtu akiungua, hata kama jeraha linaonekana dogo, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, usimpake dawa ya meno wala mafuta, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akiwa amevuta hewa moto na sauti imeanza kukwaruza, mpeleke sasa hivi, usisubiri dakika 20 hizo ziishe.